Shuka Kwenye Pikipiki Uone Mstari wa Robi

Nimekasirika, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nilitulia miaka yote ya kazi, nikatulia mpaka nikastaafu, na huko kutulia kwangu kumempotezea mwanamke mmoja nusu ya shamba lake. Kwa hiyo ninyi maafisa ugani vijana, mliopewa pikipiki na vishikwambi, kaeni chini mnisikilize bibi yenu. Atakayechoka ataondoka. Lakini wewe wa pikipiki nyekundu huondoki, kwa sababu wewe ndiye ninayekusema.

Unajijua. Juma lililopita nilikuwa shambani kwa Robi, huku milimani Tarime, nimepiga magoti napima mahindi kwa futi ya fundi cherehani. Ukapita barabarani, ukasimama. Hata shikamoo ulinipa injini ikiunguruma, mguu mmoja chini, mwingine kwenye gia. Robi akakuuliza kwa nini mahindi yake yana majani ya zambarau. Hukushuka. Ulinyoosha shingo tu, ukasema, "Mama, udongo wako una tindikali. Weka mbolea ya DAP." Kisha ukaondoka, na vumbi lako lote likaishia kwenye vikombe vyetu vya chai.

Robi alinitazama, akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. Akasema, "Bwana shamba, huyu umemfundisha wewe?"

Ndiyo maana naandika. Maneno hayo hayo niliwahi kumwambia mimi, mwanamke yule yule, kwenye shamba lile lile. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuja kwa baiskeli.

Kwanza mnijue. Mimi ni mzaliwa wa Natta, baba yangu alikuwa mfugaji, na Kiswahili nilikipata shuleni kwa viboko. Cheo changu kilikuwa bibi shamba, lakini huku milimani hakuna aliyekubali kuniita hivyo. Kwa Wakurya, anayekuja na kamba na kuwaambia watu wapande kwa mstari ni bwana shamba, basi, hata akivaa kitenge. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, ilitangazwa kanisani kwamba bwana shamba amejifungua salama, na waumini wote wakaitikia amina bila hata mmoja kucheka.

Nimekosea mengi katika kazi hii, na mengine yanachekesha. Kuna mzee mmoja aliona majani ya zambarau kwenye mahindi yake, akayapenda. Akachagua mbegu kutoka kwenye mashina yale yale ili apate mahindi ya rangi nzuri, akawagawia na majirani. Majani ya zambarau, wanangu, ni njaa. Mhindi umekosa fosfeti, mizizi haikui, jani linabadilika rangi kama midomo ya mtoto mwenye baridi. Mimi nilimwona mzee akichagua zile mbegu, nikadhani anachagua za kutupa. Sikumuuliza. Msimu uliofuata hakuna aliyeweka mbolea, wote wakingoja rangi, na kijiji kizima kilikuwa cha zambarau.

Hilo tulilicheka. La Robi halichekeshi.

Robi ni mjane. Mume wake alimwachia shamba lililoshuka kutoka barabarani mpaka kijitoni, udongo mwekundu, mvua nzuri, na mahindi mabovu. Shemeji yake, Marwa, kaka wa marehemu, alikuwa amelipigia jicho shamba hilo tangu siku ya matanga. Alisema mwanamke analichosha bure, afadhali lilishe ndama. Robi akaja kuniomba msaada. Akaniambia waziwazi, "Nikivuna, wananyamaza. Nisipovuna, wananinyang'anya."

Mnasikia? Hakuja kuniuliza habari za kemia. Alikuja kuniomba ardhi yake isiondoke.

Wakati huo wakubwa wetu walikuwa wanatafuta shamba la kulinganishia mbolea za fosfeti kwenye udongo wa namna ile. Nikasema shamba lipo. Nikawakusanya watu pale kwa Robi, nikaanza kujionyesha. Nikasema kwa sauti kubwa, "Ndugu zangu, shamba hili lina tindikali!"

Ebo! Hapa kwetu tindikali ni ile ya betri ya gari, ni ile wanayosema mtu alimwagiwa usoni. Mimi nilikuwa nazungumza Kiswahili cha kitabuni, wao wakasikia kwamba shamba la Robi limemwagiwa sumu. Watoto wakakatazwa kukanyaga pale pekupeku. Robi alikuwa anauza mchicha na sukuma wiki gulioni, na juma lile mboga zake zikarudi nyumbani zimenyauka, hakuna aliyezigusa. "Mboga za tindikali," wanawake walinong'ona. Na Marwa akapata neno la kutembea nalo: "Si mimi niliyesema. Mtaalamu mwenyewe kasema."

Ilinichukua miezi kulifuta neno moja. Mzee Nyamhanga ndiye aliyenisaidia. Huyu alikuwa kibarua wetu wa vipimo, hana cheti cha aina yoyote, lakini alikuwa amefunga kamba na kupima mashamba tangu mimi sijaanza shule. Akaniambia, "Waambie udongo umechacha. Kila mtu hapa anajua uji uliochacha. Hauui mtu." Udongo umechacha! Nilisoma miaka miwili chuoni nikalikosa neno hilo, mzee akalitoa huku anafunga kamba ya kiatu.

Basi tukagawa shamba vipande vinne kwa kamba. Juu, karibu na barabara, kipande cha DAP na kipande cha TSP. Chini, kuelekea kijitoni, kipande cha unga wa mawe ya fosfeti, na kipande cha nne hatukuweka kitu. Kila pembe tukapigilia kigingi. Unga wa mawe Robi aliuita simenti, na kwa kweli ulifanana nayo, mwepesi, wa kijivu, unaingia puani. Marwa alisimama pembeni akauliza kama tunapanda mahindi au tunajenga choo.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu, maana ninyi mnaurudia kila siku.

DAP unaiweka kwenye shimo, kizibo kimoja cha soda, unaifunika na udongo kidogo, halafu ndipo mbegu, ili mbegu isiungue. Hiyo kila mkulima anaijua. TSP vile vile, kwenye shimo karibu na mzizi, kwa sababu ukiitawanya ovyo kwenye udongo uliochacha, udongo unaikamata na mhindi hauambulii kitu. Lakini unga wa mawe ni kinyume kabisa! Huo unatawanywa shamba zima kabla ya kulima, kisha unachanganywa na udongo sawasawa, kwa sababu ni ule uchachu wenyewe unaouyeyusha. Uchachu huo huo mnaoutukana ndio mpishi wake. Ndiyo maana pia humwagi chokaa pamoja nao siku hiyo hiyo, unakuwa umezima jiko.

Mzee Nyamhanga aliniambia. Nakumbuka maneno yake, "Huu unamwagwa, hautiwi kwenye shimo." Nikamjibu, mimi mwenye cheti, kwamba ulinganisho lazima uwe wa haki, kote mashimo. Haki! Nikauweka kwenye mashimo, kikombe kizima kwa kila shimo. Mvua ikaja, ukagandamana humo humo.

Na la pili. DAP ina vitu viwili ndani, fosfeti na naitrojeni. TSP na mawe vina fosfeti peke yake. Ukitaka kuvilinganisha, inabidi uvipe hivyo vingine urea ili vyote viwe sawa. Sikuvipa. Ni kama kushindanisha watu wawili kwa mbio, mmoja ameshiba, mwingine ana siku mbili hajala, halafu unampigia makofi aliyeshiba.

Kwa hiyo DAP iling'aa. Majani ya kijani kibichi, mabua mazito. TSP ikafuata kwa mbali. Kipande cha mawe kilikuwa cha zambarau sawa na kile tulichokiacha bure. Siku ya maonyesho wakubwa walikuja na gari, wakapiga picha wamesimama kwenye DAP, wakala kuku wa Robi, wakaniambia niandike taarifa haraka.

Mzee Nyamhanga alinivuta pembeni. "Mama, msimu mmoja hautoshi. Mawe yanachelewa. Acha vigingi."

Lakini vigingi vilikuwa vinatakiwa kijiji kingine. Vilikuwa vya mbao nzuri, vimepakwa rangi, na mkubwa alitaka vionekane kwenye picha za huko nako. Nikaving'oa kwa mkono wangu. Nikaandika ukurasa mmoja, nikagonga muhuri: sehemu ya juu inafaa kwa mahindi, iwekewe DAP, sehemu ya chini haifai kwa mahindi. Nakala moja kwa mkubwa, nyingine nikampa Robi kwa heshima zote, kama cheti cha ndoa.

Hiyo karatasi ilisomwa mbele ya wazee wa ukoo. Marwa aliiomba yeye mwenyewe isomwe. Wazee wakaamua, na naomba mkumbuke neno lao: sehemu ya chini Marwa achunge ndama humo, maadamu hapafai kulima. Maadamu. Kama pangefaa, pangebaki pa Robi. Karatasi yangu ikasema hapafai, na Marwa akaikunja akaiweka mfukoni.

Mimi nikahamishiwa Issenye. Nikaenda zangu na baiskeli yangu, nikaendelea kuhubiri DAP mpaka siku ya kustaafu. Niliagwa kwa soda na khanga. Sasa naishi Morotonga, nafuga kuku, na ningekufa sijui lolote kama Robi asingepanda magari mawili kunifuata miezi miwili iliyopita.

Alikaa kwenye kigoda changu, akakataa chai. Akasema, "Bwana shamba, ile simenti yako imeota."

Marwa alichunga ndama msimu mmoja tu. Msimu wa pili akaingiza plau ya ng'ombe, akalima mara mbili, kwenda na kukatiza. Akalivuruga shamba vizuri, akauvunja ule unga wangu uliogandamana, akauchanganya na udongo uliochacha, yaani akafanya ile kazi niliyokataa kuifanya mimi! Akapanda mahindi, akaweka urea ya kukuzia kote. Yakasimama ukuta. Msimu uliofuata tena, na uliofuata tena. Robi huko juu, DAP ilimsaidia mwanzo, lakini DAP ukiitegemea peke yake mwaka hadi mwaka inaongeza uchachu, na udongo wake ukazidi kuchoka. Msimu huu hata hiyo DAP ilimshinda kununua. Hayo ndiyo majani ya zambarau uliyoyaona ukiwa juu ya pikipiki.

"Nilikuja ofisini mara mbili," Robi aliniambia. "Mara ya kwanza wakasema umehamishwa. Mara ya pili wakasema karatasi ipo, nataka nini tena."

Nilikuwa siwezi kumwangalia. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa safi tayari.

Siku ya pili tulikwenda kwa Marwa. Naye si mtu wa kunitolea panga. Alinipa kiti, akaita maziwa ya mgando, akauliza habari za Natta. Nikamweleza yote, kosa langu, mawe, mashimo, plau yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akatoka na karatasi yangu imewekwa kwenye nailoni, muhuri bado wa bluu.

"Bwana shamba," akasema, "hii uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Ulikuwa na akili zako?"

"Nilikuwa nazo."

"Basi hapafai kulima. Mimi nimepafufua kwa nguvu zangu na mavi ya ndama wangu. Wewe sasa hivi ni mstaafu, kunywa maziwa."

Nilikasirika. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na hoja. Mavi ya ndama ni mbolea kweli. Na vigingi sikuwa navyo, niliving'oa. Ningemwonyesha nini? Nikanywa maziwa kama alivyosema.

Ni Robi aliyenishika mkono tukatoka. Akanipeleka mpaka kwenye ukingo wa sehemu ya chini, akaniambia nitazame, nisiseme kitu. Nikatazama. Jamani! Mahindi yalikuwa yamenizidi kimo, meusi kwa afya, halafu ghafla yanashuka mpaka kiunoni, membamba, ya zambarau. Na pale yanaposhukia palikuwa na mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Upande mmoja ni kipande cha mawe. Upande wa pili ni kile kipande cha nne ambacho hatukuweka kitu. Shamba moja, plau moja, urea ile ile, ndama wale wale.

"Mwulize shemeji yangu," Robi akasema, "ni ndama gani huyo anayekunya kwa kufuata kamba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia, mtu mzima mimi, pale pale kwenye majani.

Na bado hakuwa amemaliza. Aliinama ukingoni, mahali plau haifiki, akafukua nyasi. Palikuwa na jiwe jeupe la kijitoni, limezikwa nusu. Akanipeleka pembe ya pili, jiwe. Ya tatu, jiwe. Siku ile niliyong'oa vigingi, nilipopanda baiskeli tu, Robi alipita nyuma yangu akatia jiwe katika kila shimo la kigingi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Yule mzee wako alisema viachwe. Mimi nilimsikia."

Mzee Nyamhanga alimwambia msomi, msomi hakusikia. Aliyesikia ni mama aliyekuwa anapika kuku wa wageni.

Tulikwenda kwenye baraza la kata. Niliandika karatasi mpya, kurasa nne, nikakiri kosa langu kwa jina langu kamili. Mwenyekiti aliisoma yote, akanihurumia, nadhani. Akasema, "Mama, karatasi ya zamani ina muhuri. Hii yako ni barua tu. Leteni afisa aliye kazini aje aone, aandike, agonge. Hapo nitakuwa na karatasi mbili za serikali, na nitawaita wazee wa ukoo walitazame upya lile neno lao."

Nikaenda ofisini kwenu mara tatu. Mara ya kwanza mpo kwenye semina. Mara ya pili mpo kwenye semina. Mara ya tatu binti mmoja mpole akaniambia niache namba ya simu, akaiandika kwenye kiganja cha mkono wake. Ndiyo maana nilikuwa nimepiga magoti shambani na futi ya fundi cherehani. Nilianza kupima mwenyewe, kimo cha mashina ishirini kila upande wa mstari, kisha nikapanda kupima na ya Robi huku juu barabarani, nikijua hakuna atakayepokea.

Nikainua kichwa, nikakuona wewe, na moyo wangu ukaruka. Nilisema huyu hapa, Mungu amemleta. Ukasema tindikali, ukasema DAP, ukaondoka kabla sijasimama. Magoti yangu hayaamki haraka siku hizi.

Sasa nisikilizeni wote. Mkulima akikuuliza kuhusu mbolea ya fosfeti, usimtajie jina la mbolea kabla hujashika udongo wake. Muulize ameweka nini misimu mitatu iliyopita. Kama unalinganisha, patia kila kipande naitrojeni sawa, unga wa mawe utawanye na uuchanganye, na acha kipande kimoja bila kitu, hata mwenye shamba akikununia. Kipande hicho hicho ndicho kitakachomtetea. Vigingi visitoke mpaka mawe nayo yamepata misimu yake. Na ukiandika "haifai", ujue kuna mtu anasubiri kuikunja aiweke mfukoni.

Nawe wa pikipiki nyekundu. Mahindi ya Marwa yameanza kukauka. Ameshaazima plau nyingine ili akivuna alime siku hiyo hiyo, na mabua yakilala, mstari haupo tena msimu huu. Baraza haliwezi kuhukumu mstari ambao haupo. Tuna majuma mawili, labda matatu.

Mawe ya pembeni yako mahali pake. Vipimo vyangu vimeandikwa kwenye daftari la Robi, utavihakiki wewe mwenyewe. Muhuri mimi sina, niliurudisha pamoja na ufunguo wa ofisi. Lakini nilipokuwa nahangaika kusimama niliuona wa kwako, mpini wake umechomoza kwenye ule mkoba uliofungwa kwa mpira nyuma ya kiti chako. Ulikuwa mteremko mmoja tu kutoka kwenye mstari wa Robi, ukaondoka nao.

Geuza pikipiki.